Umeteuliwa kuwa mdhamini wa mfuko wa chuo kikuu: namna ya kuibeba amana hiyo

Katika Kiswahili cha kila siku neno mdhamini lina maana tatu. Yupo mdhamini anayesimama mahakamani kumtoa mshtakiwa kwa dhamana, yupo mdhamini ambaye nembo ya kampuni yake huchapwa kwenye jezi za timu, na yupo mdhamini anayekabidhiwa mali isiyo yake ili aitunze na kuitumia kwa shabaha iliyotajwa na aliyeitoa. Barua ya uteuzi uliyoipokea inamhusu huyu wa tatu peke yake. Naanza na jambo hili kwa sababu wengi huitikia uteuzi wakidhani wanaombwa mchango, au wanaombwa jina lao lipambe karatasi zenye nembo ya chuo, kisha huja kushtuka miaka mitatu baadaye wanapoulizwa zilipo fedha ambazo hawakuwahi kuziuliza wao wenyewe.

Maelezo yafuatayo yanamlenga mtu anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye bodi ya wadhamini ya mfuko wa chuo kikuu nchini Tanzania. Msomaji wa Kenya au Uganda atakuta sheria zake zina majina mengine, lakini kazi yenyewe ni ileile.

Mfuko si chuo

Chuo kikuu kina uhai wake wa kisheria. Nchini kwetu huongozwa na Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346, pamoja na hati idhini yake, na chombo chake cha juu cha uamuzi ni Baraza la Chuo. Mfuko ni kiumbe kingine. Mara nyingi huundwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, na kusajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Baada ya usajili, wadhamini kwa pamoja huwa mtu mmoja mbele ya sheria: wana lakiri, yaani muhuri wao rasmi, wanaweza kushtaki na kushtakiwa, wanaweza kumiliki ardhi na akaunti ya benki, na mmoja wao akifariki mali haiendi kwa warithi wake wala haihitaji kuhamishwa. Ndiyo maana hati za viwanja na akaunti za mifuko ya namna hii huandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, na si kwa jina la mwenyekiti.

Utengano huo una sababu yake. Huko Marekani, mfuko wa kwanza wa aina hii kwa chuo kikuu cha umma ulianzishwa mwaka 1891 katika Chuo Kikuu cha Kansas, ili zawadi za watu binafsi zisimamiwe kando ya fedha za serikali. Mtoaji anataka kuwa na hakika kwamba shilingi aliyoitoa kwa ajili ya maabara haitamezwa na bajeti ya uendeshaji mwaka ambao ruzuku imechelewa.

Wasomaji wa pwani hawana haja ya kufundishwa wazo hili, kwa kuwa wamelelewa nalo kwa jina la wakfu. Mwenye nyumba akishaiweka wakfu, haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi, na kazi ya mutawalli ni kukusanya kodi, kuukarabati ukuta na kuipeleka faida pale palipotajwa. Mdhamini wa mfuko wa chuo akijiona kama mutawalli, atakuwa ameshaelewa sehemu kubwa ya wajibu wake kabla hajafungua kitabu chochote cha sheria.

Kabla ya kutia saini ya kukubali

Usikubali uteuzi kwa simu. Omba kwanza upewe hati ya udhamini au katiba ya mfuko, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, mihtasari ya vikao vya miaka miwili iliyopita, na orodha ya zawadi zote zilizopokelewa kwa masharti. Ukiambiwa kwamba orodha hiyo haipo, umeshaijua kazi yako ya kwanza.

Katika katiba tafuta mambo yanayoonekana madogo: akidi ni watu wangapi, mdhamini hukaa kwa muda gani, nani huteua na nani huondoa, nani huitunza lakiri na kwa idhini ya nani hutumika. Angalia pia wadhamini wanaoingia kwa nyadhifa zao, kwa mfano Makamu Mkuu wa Chuo. Wakiwa wengi kuliko wengine, bodi hiyo itakuwa na kazi ngumu kila mara chuo kitakapoomba kitu ambacho mfuko hauna haki ya kukitoa.

Kisha uliza RITA inawatambua akina nani. Bodi nyingi hubadilisha wadhamini kwa muhtasari wa kikao na kusahau kupeleka mabadiliko hayo kwa msajili. Katika mfuko niliowahi kuutumikia, tulipotaka kufungua akaunti mpya, benki iliomba uthibitisho wa usajili, na tukakuta kati ya majina saba yaliyokuwa kwenye daftari, matatu yalikuwa ya marehemu na mmoja alikuwa amehamia nje ya nchi miaka mingi nyuma. Ilituchukua miezi kadhaa kuyarekebisha, na muda wote huo fedha za wanafunzi zilikaa benki bila kuguswa. Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini yenyewe ilifanyiwa marekebisho mwaka 2019, kwa hiyo hakikisha nakala unayoisoma ni ya sasa.

Nia ya mtoaji

Hapa ndipo ulipo moyo wa kazi hii, na hapa nitakaa zaidi.

Katika jalada moja la mfuko huo niliowahi kuutumikia kulikuwa na barua iliyoandikwa kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari yenye mistari, wino wa bluu umeanza kupauka. Mwandishi wake alikuwa muuguzi mstaafu. Alikuwa ametoa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake kwa kumbukumbu ya mwanawe aliyefariki akiwa mwaka wa pili wa masomo, na alitaka fedha zile ziwekwe mahali zitakapozaa, ili kila mwaka binti mmoja anayesoma uhandisi na asiye na wazazi alipiwe ada. Barua ilikuwa na sentensi sita. Haikutaja riba, haikutaja kamati, haikusema nini kifanyike endapo mwaka fulani hapatapatikana binti wa namna hiyo.

Miaka kadhaa baadaye lilikuja pendekezo kwamba fedha hizo, pamoja na nyingine zilizokuwa zimelala, zikopeshwe chuo ili kukamilisha malipo ya basi la wanafunzi. Wapendekezaji hawakuwa wezi. Basi lilihitajika kweli, na mkopo ungerudishwa ndani ya miezi sita. Mjumbe mmoja aliinuka, akaomba jalada, akaisoma barua ile kwa sauti kuanzia tarehe hadi jina la mwisho, kisha akaketi bila kuongeza neno. Pendekezo liliondolewa. Najifunza kutoka kwake hadi leo: kabla ya kujadili matumizi ya zawadi yoyote yenye masharti, isome barua ya mtoaji ndani ya kikao, maneno yake yenyewe, si muhtasari wake.

Vyuo vikubwa duniani vimelipa gharama kubwa kwa jambo hili. Mwaka 1961 Charles na Marie Robertson walitoa hisa zenye thamani ya dola milioni 35 kwa taasisi iliyoundwa kukisaidia Chuo Kikuu cha Princeton kuandaa wahitimu watakaoingia katika utumishi wa serikali, hasa katika mambo ya nje. Bodi ya taasisi hiyo ilikuwa na wajumbe saba, wanne wa chuo na watatu wa familia. Mwaka 2002 watoto wa familia hiyo walikwenda mahakamani wakidai kwamba fedha zilikuwa zikitumika nje ya shabaha ya wazazi wao. Shauri lilidumu miaka sita. Mwaka 2008 pande mbili zilipatana, na katika mapatano hayo dola milioni 40 zilikwenda kulipa gharama za kisheria za familia na dola milioni 50 zikaenda kuanzisha taasisi mpya yenye shabaha ileile. Chuo hakikukiri kosa, nami simhukumu yeyote, lakini fikiria ni wanafunzi wangapi wangesomeshwa kwa fedha zilizolipwa mawakili.

Njia ya kujikinga na haya ni kuandika vizuri mapema. Kila zawadi yenye masharti iwe na hati ya zawadi iliyosainiwa kabla fedha hazijaingia benki, ikieleza kama mtaji utatunzwa na faida peke yake itumike au zote zitumike, nani atachagua wanufaika, jina la zawadi litatumika wapi na kwa muda gani, na nini kifanyike shabaha ikishindikana. Kifungu hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi. Kozi hufutwa, idara huunganishwa, wilaya hugawanywa. Mtoaji akiwa hai, ni rahisi kumwendea na kumwomba kibali cha maandishi. Akiwa amefariki na hati haisemi kitu, bodi haina ruhusa ya kujiamulia; njia sahihi ni kwenda mahakamani kuomba shabaha iliyo karibu zaidi na ile ya awali.

Uandishi mzuri hulinda pia heshima ya watoaji kwa vizazi. Kabla ya Chuo Kikuu cha Nairobi kuwa chuo kikuu, jumuiya ya Wahindi wa Afrika Mashariki ilikuwa imechanga fedha za kujenga chuo cha kumbukumbu ya Mahatma Gandhi. Badala ya kujenga chuo cha pili mji uleule, walikubaliana na serikali kuziunganisha fedha hizo na Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Michango ile iliingia kwenye kitu kikubwa zaidi, lakini jina la Gandhi lilibaki kwenye jengo na sanamu yake ikasimama pale chuoni.

Zipo pia zawadi za kukataliwa. Kataa fedha ambazo mtoaji hataki kueleza chanzo chake, kwa kuwa Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu, Sura ya 423, haisamehi taasisi kwa sababu tu ina shabaha njema. Kataa ufadhili wa masomo ambao mtoaji ataka kuchagua wanufaika kutoka ukoo wake. Na kataa, kwa upole, jengo ambalo halina fedha za matunzo.

Kuwekeza, na kujua cha kugawa

Mdhamini si lazima awe mtaalamu wa fedha, lakini lazima awe mwangalifu. Kipimo cha uangalifu huo kilielezwa vizuri katika kesi ya Marekani ya mwaka 1830, ambayo haifungi mahakama zetu lakini mantiki yake imeenea duniani. Mtu mmoja wa Boston aliacha dola 50,000 mikononi mwa wadhamini. Mkewe apate faida maisha yake yote, kisha mtaji ugawanywe kati ya Chuo cha Harvard na hospitali. Wadhamini walinunua hisa za viwanda na bima, bei ikashuka, na chuo kikawadai fidia. Mahakama ilikataa. Ilisema kwamba hakuna uwekezaji usio na hatari, na kwamba mdhamini hudaiwa uaminifu na busara, yaani aitazame mali ile kama watu wenye akili na hadhari wanavyotazama mali zao za kudumu. Maana yake kwako ni kwamba hasara peke yake si kosa, bali kosa ni uamuzi usio na sababu zilizoandikwa.

Kwa mfuko wa kawaida nchini, vyombo vinavyofahamika vinatosha: amana za muda maalumu, hatifungani za serikali, yaani hati za kuikopesha serikali kwa riba, za hadi miaka 25 zinazouzwa na Benki Kuu kuanzia shilingi milioni moja, vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, na hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Andika sera fupi ya uwekezaji, kurasa mbili au tatu, inayosema kiasi gani kikae wapi na nani ana mamlaka ya kukihamisha. Sera hiyo ipitishwe na bodi nzima.

Swali gumu zaidi ni kiasi cha kugawa kila mwaka, na hapa hesabu husema kuliko maneno. Chukua mfuko wa shilingi milioni 500, wote uko kwenye hatifungani zinazolipa asilimia 12 kwa mwaka, na tuseme ada ya mwanafunzi mmoja ni shilingi 1,300,000. Faida ni milioni 60. Bodi ikiigawa yote, wanafunzi 46 watasomeshwa mwaka huu. Lakini bei zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, baada ya miaka 10 ada hiyo itakaribia shilingi 1,925,000, na milioni 60 zilezile zitasomesha wanafunzi 31. Mtaji bado utasomeka milioni 500 kwenye taarifa ya benki, ilhali nguvu yake ya kununua itakuwa sawa na milioni 338 za leo. Hakuna aliyeiba kitu, lakini theluthi moja ya zawadi imeyeyuka.

Bodi ileile ikirudisha asilimia 4 kwenye mtaji kila mwaka na kugawa asilimia 8, mwaka huu itasomesha wanafunzi 30, na baada ya miaka 10 itasomesha idadi ileile. Tofauti ya wanafunzi 16 mwaka wa kwanza huumiza, hasa unapokuwa umekaa mezani na mafaili ya waombaji yakiwa mbele yako, kila moja na picha ya pasipoti imebanwa kwenye kona. Hata hivyo mtoaji aliyesema fedha zitunzwe milele aliwahesabu pia watoto ambao bado hawajazaliwa, na kikaoni hawana mwingine wa kuwasemea isipokuwa wewe.

Vyuo vingi vya Marekani hugawa kati ya asilimia 4 na 5 ya wastani wa thamani ya mfuko kwa miaka kadhaa, badala ya thamani ya mwaka mmoja, ili mwaka mbaya usiwaangushe wanafunzi walio katikati ya masomo. Usiiige namba hiyo, kwa sababu riba zao na mfumuko wa bei wao ni tofauti na wetu. Iga utaratibu wa wastani.

Maslahi binafsi na mahusiano na chuo

Mdhamini hanufaiki na mali anayoitunza. Kampuni ya shemeji yako ikiomba zabuni ya ukarabati wa jengo la mfuko, tangaza uhusiano huo, utoke nje ya chumba wakati wa mjadala, na uhakikishe muhtasari umeandika kwamba ulitoka. Kukaa kimya ndani ya chumba hakutoshi. Mwanao au mpwa wako akiomba ufadhili wa masomo, ushauri wangu ni mkali zaidi: afadhali aombe kwingine kwa kipindi chote utakachokuwa kwenye bodi. Posho za vikao ziwe ndogo, ziwe zimeandikwa kwenye katiba, na zisipande kwa uamuzi wa wanaozipokea.

Kwa uongozi wa chuo, kuwa msaidizi mwema na si tawi lake. Chuo ndicho kinachojua mahitaji, kwa hiyo kisikilizwe kwanza. Mfuko ndio unaojua masharti, kwa hiyo uamuzi wa kutoa ubaki kwake. Usiingilie udahili wala ajira za wahadhiri. Na usiingie kwenye kazi za kila siku za sekretarieti ya mfuko, zaidi ya kuhakikisha kwamba anayeidhinisha malipo si yeye anayeandika hundi na si yeye anayesuluhisha taarifa ya benki na daftari.

Ukipinga uamuzi wa walio wengi, sema sababu zako na uombe pingamizi lako liandikwe kwa jina. Mdhamini anayeshiriki kuvunja masharti ya amana anaweza kudaiwa yeye binafsi, na utetezi wa kwamba hukuwa ukifuatilia mjadala haupokelewi.

Mambo ya kila mwaka

Hesabu zikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa, na bodi ikutane naye angalau mara moja bila watendaji kuwepo. Marejesho yapelekwe RITA, pamoja na mabadiliko yoyote ya wadhamini au anwani. Kuhusu kodi, kusajiliwa na RITA hakuleti msamaha peke yake. Hadhi ya taasisi ya hisani chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, huombwa TRA. Taarifa za wanufaika zilindwe kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: usichapishe umaskini wa mtoto wa mtu kwenye kipeperushi cha kuomba michango. Na kila mtoaji, mkubwa kwa mdogo, apelekewe barua ya ukurasa mmoja inayomweleza zawadi yake imefanya nini mwaka huo.

Muda wako ukiisha

Ondoka kwa maandishi. Hakikisha benki imeondoa saini yako, RITA imepokea jina la anayekurithi, na vitu vyote ulivyokuwa navyo, pamoja na nakala za hatifungani na nywila za akaunti za uwekezaji, vimekabidhiwa kwa orodha iliyosainiwa na pande mbili. Mtafute mrithi wako mkae saa mbili na majalada ya zawadi mbele yenu, mpitie moja baada ya jingine. Mimi nilipomfikisha wangu kwenye barua ya muuguzi yule, alinyamaza, akairudia kuisoma, kisha akaniuliza binti wa mwaka huu ni nani.